Alama ya Mzalendo

Jina la nchi hii sitalitaja, si kwa woga, bali kwa sababu lenyewe liko mezani kwa kamati likinyooshwa, na kamati haijamaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba kaulimbiu yake, iliyoandikwa kwenye sarafu, kwenye madaftari ya watoto na hata kwenye milango ya vyoo vya umma, ni maneno mawili tu: Hakuna Kusimama. Ni nchi njema. Methali isemayo haraka haraka haina baraka iliondolewa vitabuni miaka minne iliyopita kwa kosa la kukatisha tamaa wananchi. Mwalimu mmoja mzee alisahau amri akaitaja darasani, na mkewe bado anapika chakula cha kumpelekea, ila hajaambiwa akipeleke wapi.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke aliyeitwa Chausiku Mlanzi, ambaye kazi yake, kwa bahati mbaya sana, ilikuwa kusimamisha ndege.

Alikuwa mwongoza ndege wa uwanja mkuu kwa miaka ishirini na miwili. Ndege ikishatua na kuja polepole mahali pa kuegeshwa, yeye ndiye aliyesimama mbele yake na vijiti viwili vyekundu akimwonyesha rubani: njoo, kata kushoto, taratibu, taratibu. Mwisho aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa akaipishanisha, na ndege ikasimama. Ndiyo lugha ya marubani wa dunia nzima. Rubani asiyejua hata kusema hujambo anaijua hiyo.

Binti yake wa pekee, Semeni, alifanya kazi hapo hapo, upande wa kabari, yaani vile vipande vizito vya mpira vinavyosukumiwa magurudumuni ndege isibiringike. Kabari haikutiwa mpaka injini zinyamaze na taa nyekundu ya tumboni mwa ndege izimike. Siku Semeni alipoanza kazi, mama yake alimshika mabega akamwambia, "Injini inayozunguka haiulizi mtoto wa nani. Inavuta kila kilicho mbele yake. Kwa hiyo usiitazame ndege, mwanangu, nitazame mimi. Ukiona nimepishanisha mikono kabla ya wakati, tupa ulichoshika uondoke, hata kiwe dhahabu."

Maneno hayo hayo alikuwa amemwambia kijana mmoja aitwaye Chitemo, miaka mingi nyuma, kabla Chitemo hajanenepa, hajavaa tai na kuwa mkuu wa kiwanja.

*

Mambo yalianza na sanduku. Sanduku la Mheshimiwa Waziri wa Mwendo lilichelewa kushushwa kwa dakika kumi na moja. Katika uwanja ule hakuna mtu aliyekuwa ameumia kwa miaka kumi na tisa, na gazeti halikuwahi kuandika hata mstari mmoja, lakini sanduku liliandikwa ukurasa wa mbele kwa wiki nzima, pamoja na picha yake. Ikaundwa Tume ya Taifa ya Kusanifisha Huduma za Ndege Ardhini, kwa ajili ya usalama na ufanisi. Ilikuwa na wajumbe tisa, na mwenyekiti wake alikuwa Dakta Lukwale Mashimba.

Dakta Lukwale hakuwa mgeni wa kusanifisha. Ndiye aliyesanifisha soksi za wanafunzi, hata leo watoto wote wa nchi ile wanavaa saizi moja. Wadogo wanakunja, wakubwa wanavumilia.

Tume ilitembelea nchi saba. Iliporudi ilieleza kwamba viwanja vya wenzetu vina utaratibu mmoja kwa kila mtu, nao ni mzuri. Kwa nini utaratibu ule uko vile ulivyo, hapo wajumbe hawakuuliza, maana ratiba ilikuwa imebana.

Na tusimwonee mtu: kusanifisha si ujinga. Chausiku mwenyewe alikuwa amelilia kwa miaka utaratibu mmoja ulioandikwa, kwa sababu zamu ya asubuhi ilikuwa na mambo yake, na zamu ya jioni nayo ilikuwa na vituko vyake. Aliposikia Tume inakuja, alifurahi kwa dhati. Alipiga pasi koti lake la rangi ya machungwa, akafika uwanjani nusu saa kabla.

Tume ilikuja na futi kamba. Asubuhi ile uwanjani palikuwa na ndege moja tu, ya Mheshimiwa Waziri, yenye viti vinane. Wakaipima. Pale gurudumu lake la mbele liliposimama wakachora mstari mweupe, wakauita Mstari wa Taifa. Karibu na bawa, pale ambapo mtu wa kabari angesimama, wakachora duara la manjano, wakaliita Alama ya Mzalendo. Kuanzia sasa, alisema Dakta Lukwale, kila ndege itasimama kwenye mstari huo, na mtu wa kabari atakuwa ameshasimama kwenye duara hilo kabla ndege haijafika, injini zikiwa zinaunguruma, ili atie kabari ndani ya sekunde kumi. Kungoja taa izimike kulikuwa kumepigiwa hesabu. Kwa mwaka mmoja kulilifanya taifa lisimame siku kumi na tatu.

Chausiku aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, hii ni ndege ndogo, injini zake ziko huko mkiani. Ile kubwa injini zake zinaning'inia chini ya mabawa. Mtu akisimama kwenye duara hili, ndege kubwa ikifika mstarini, mdomo wa injini utakuwa hatua tatu kutoka kifuani pake. Hata kofia hatabaki nayo."

Dakta Lukwale alimtazama kwa upole wa daktari wa meno. "Mama, nikuulize. Miguu ya watoto wetu ni sawa?"

"Si sawa, Mheshimiwa."

"Na soksi je?"

"Soksi ziko sawa."

"Basi hata ndege zitazoea."

Wajumbe wakapiga makofi, na mmoja akaandika maneno hayo ili yachongwe.

*

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, nalo lilijadiliwa chumbani, pazia likiwa limefungwa, Chausiku akiwa ameitwa alete kitabu chake cha ishara.

Miezi miwili kabla, wauza mboga wa soko kuu walikuwa wamekataa kuhamishwa. Hawakurusha jiwe wala hawakutukana mtu. Walisimama tu mbele ya matingatinga, wakapishanisha mikono juu ya vichwa vyao, wakakaa hivyo hivyo. Siku iliyofuata ikatoka amri: kupishanisha mikono juu ya kichwa hadharani ni uchochezi. Sasa, Tume ilipofunua kitabu cha zamani cha Chausiku, picha ya kumi na tisa ilikuwa ya mtu mwenye vijiti viwili, mikono juu, imepishana.

Walipitishiana kitabu kutoka mkono hadi mkono. Kisha picha ilichanwa, ikatiwa kwenye bahasha, na bahasha ikapigwa lakiri.

"Mahali pake," alisema Dakta Lukwale, "mwongozaji ataweka mkono wa kulia kifuani, kama tunavyofanya wakati wa wimbo wa taifa."

"Na rubani atajuaje kwamba namwambia asimame?" Chausiku aliuliza.

"Ataona uzalendo wako."

"Kutoka kule juu, Mheshimiwa, ataona mtu anayejikuna."

Mjumbe mmoja alicheka. Kikao kilipoendelea baada ya chakula cha mchana, wajumbe walikuwa wanane, na kiti cha tisa kilikuwa kimeshaondolewa.

Jioni ile Chitemo alimfuata Chausiku kwenye chumba cha kubadilishia nguo akiwa na karatasi. Ilikuwa Fomu ya Maoni ya Mfanyakazi. Ilikuwa na kisanduku kimoja, na pembeni yake neno moja: Nakubali.

"Dada Chau, tia saini," alisema, huku akitazama mlangoni. "Nakuomba. Mimi nimetia. Nimetia saini hata mambo ambayo sijayasoma, na si unaniona? Nipo."

"Upo, Chitemo. Lakini umesahau nilichokufundisha?"

"Sijasahau." Alifuta jasho la shingo kwa tai. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Chausiku alitia saini. Tusimlaumu haraka. Alikuwa na mtoto ndani ya uwanja ule, na mtu mwenye mtoto hutia saini mengi.

*

Wiki moja baadaye Semeni alirudi nyumbani na viatu vipya. Katika mazoezi yote alikuwa ametia kabari kwa sekunde nane, akawashinda wanaume kumi na wanne, na kwa hiyo alikuwa amechaguliwa kusimama kwenye Alama siku ya uzinduzi.

Chausiku alikuwa anamenya mihogo. Alimenya mmoja mpaka ukabaki uzi. "Ndege gani itakayokuja?"

"Ile kubwa ya wageni. Mama, usiniangalie hivyo."

"Nenda zahanati kesho. Sema unaumwa."

"Ugonjwa nao umesanifishwa, mama. Yaliyobaki ni matatu: malaria, mimba na msiba. Na unatoa taarifa wiki mbili kabla."

"Basi kataa."

"Nikikataa watamweka mwingine pale pale."

"Huyo mwingine sikumzaa mimi!" Chausiku alisema, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Semeni akachukua kisu akaanza kumenya pamoja naye. Hakuna aliyelirudia jambo hilo. Sahani zilipooshwa, mama alisema tu, "Siku hiyo usiitazame ndege. Nitazame mimi."

"Kama kawaida," alijibu Semeni.

*

Siku ya uzinduzi kulikuwa na jukwaa, zulia jekundu, watoto wa shule na soksi zao, na bendi ya polisi iliyokuwa na amri ya kutokatiza muziki kwa sababu yoyote ile. Mheshimiwa Waziri alisema maneno machache kwa muda wa saa moja. Alisema kwamba mataifa mengine yana viwanja vya ndege, lakini taifa hili lenyewe ni ndege, na ndege haina kioo cha kutazamia nyuma.

Kisha ndege kubwa ikatua, ikageuka, ikaja.

Chausiku alikuwa mahali pake na vijiti vyake. Semeni alikuwa ndani ya duara la manjano, kabari miguuni, uso umeelekezwa kwa mama yake. Ndege ilikuja. Njoo, vijiti vilisema, njoo, taratibu. Chini ya bawa injini ilikuwa inakuja nayo, duara jeusi linalozunguka, kubwa kuliko mlango wa nyumba yao. Koti la Semeni lilianza kupepea kuelekea nyuma. Nywele zilimtoka kwenye kofia. Zilikuwa zimebaki hatua ishirini, kisha kumi na tano, na Dakta Lukwale jukwaani alikuwa na saa mkononi.

Chausiku aliweka mkono kifuani. Naapa aliuweka. Rubani hakuelewa, ndege ikaendelea kuja.

Hapo hakufikiri tena. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa akaipishanisha.

Ndege ilisimama pale pale, mstari ukiwa bado mbali. Semeni alikwisha kuiacha kabari, na alikuwa amekaa kwenye majani kando. Bendi ilipiga. Mlango wa ndege ulifunguka mahali pasipo zulia, na mgeni wa heshima alitia kiatu chake cha kwanza nchini kwenye dimbwi la mafuta. Watu elfu mbili walikuwa wanamtazama mwanamke aliyesimama katikati ya uwanja na mikono imepishana juu.

*

Kesi ilisikilizwa mchana huo huo, kwa sababu hata haki ilikuwa imepangiwa muda.

"Ulisimamisha nini?" Dakta Lukwale, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza, aliuliza.

"Ndege."

"Taifa zima. Kwa nini?"

"Ajali ilikuwa inakuja, Mheshimiwa."

"Ajali." Aliinama akatazama chini ya meza, kisha nyuma ya kiti chake. "Ajali yenyewe iko wapi?"

Akaitwa Semeni kama shahidi. Akaulizwa kama alikufa. Akasema hapana. Akaulizwa kama aliumia. Akasema hapana, lakini kama mama yake asingeinua mikono... Akaambiwa shahidi hajibu kwa kama. Je, alisimama kwenye Alama ya Mzalendo, injini ikizunguka, na akatoka mzima? Ndiyo au hapana?

Semeni alimtazama mama yake. Kisha akasema ndiyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Basi na iandikwe," alisema Dakta Lukwale, na kwa mara ya kwanza alitabasamu, "kwamba usalama wa Alama umethibitishwa kwa majaribio."

Kwa kuwa uzinduzi ulioharibika hauhesabiki, ulipangwa urudiwe Alhamisi, na Semeni, kama mtu mwenye uzoefu, asimame pale pale. Kazi ya kuongoza akapewa Chitemo, ambaye sahihi yake ilikuwa kwenye kila karatasi. Rubani naye aliandikiwa barua: asimtazame mtu yeyote, autazame mstari.

Mahabusu za mji zilikuwa zimejaa wauza mboga. Chausiku alifungiwa hapo hapo uwanjani, katika chumba cha mizigo iliyopotea, kati ya masanduku ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Chumba kilikuwa na dirisha moja kubwa la kioo kizito, linalotazama mahali ndege zinapoegeshwa.

*

Alhamisi asubuhi Semeni alimletea chai. Askari hakuwaruhusu kuzungumza. Chausiku aligonga kioo mara mbili kwa kidole, halafu akajigusa kifua. Nitazame mimi. Semeni aliitikia kwa kope tu, akaenda kazini.

Jukwaa lilikuwa lile lile, zulia lile lile, na Mheshimiwa alisema yale yale. Ndege kubwa ikaja. Chitemo alikuwa mbele yake, mkono kifuani, tai imemkaba. Semeni alikuwa ndani ya duara, na waliokuwa jukwaani walishangaa kuona ameipa ndege mgongo. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye jengo la mizigo.

Chausiku alisubiri, maana akiwahi mno wangemrudisha Semeni ndani ya duara. Koti lilipoanza kupepea, aliinua mikono nyuma ya kioo akaipishanisha.

Semeni alitoka ndani ya duara bila kugeuka, akatembea, kisha akakimbia mpaka kwenye ukuta wa jengo.

"Alama!" Kipaza sauti kilivuma. "Alama iko wazi! Wageni wanaona! Chitemo, Alama!"

Chitemo aliutazama mstari. Alilitazama jukwaa. Kisha alikwenda upesi, kama mtu anayewahi kutia saini kabla ofisi haijafungwa, akaingia ndani ya duara, akainama akaiokota kabari. Alipoinuka aligeuza uso, akatazama dirishani. Miaka ishirini ilikuwa imepita, na bado alikumbuka mahali pa kutazama.

Chausiku alikuwa hajashusha mikono. Alikuwa anapiga kioo kwa kichwa. "Chitemo, toka! Tupa, utoke!" Chitemo alimwona, hilo Chausiku atalisema mpaka anaingia kaburini, kwamba alimwona. Alipepesa kope. Halafu macho yake yalirudi jukwaani, na taratibu akaweka mkono wa kulia kifuani.

Mlio wa injini ulibadilika kidogo, kama mtu aliyepaliwa, kisha ukanyamaza. Bendi haikukatiza.

Taarifa ya Tume ilitoka kabla ya saa saba mchana. Zoezi limefanikiwa. Ndege imesimama mstarini, sekunde nne kabla ya muda. Injini moja itahitaji kusafishwa. Ndugu Chitemo ameondoka kazini bila kujaza fomu, na ofisi inamtaka ajieleze ndani ya siku saba.

Chausiku hakuisoma. Alikuwa bado dirishani, na kichwani mwake lilikuwa likizunguka neno lake mwenyewe la jioni ile ya mihogo: huyo mwingine sikumzaa mimi. Mama yake Chitemo alikuwa hai, akiishi nyuma ya soko la zamani. Chausiku alikuwa amewahi kula kwake.

Semeni alisogea mpaka kwenye kioo, upande wa nje. Uso wake ulikuwa umelowa. Askari walikuwa wanatazama wageni wakinywa soda.

"Mama," alisema kwa midomo, taratibu, ili asomeke. "Shusha mikono. Watakuona."

Chausiku alitikisa kichwa.

"Waone," alisema.

Nyuma ya Semeni, mtu wa rangi alikuwa ameshafika na ndoo yake ya manjano, akapiga magoti ukingoni mwa duara.